Namna ya kumtungia shujaa wako wa upanga alikotoka

Kosa la wengi wanaoanza ni kumzaa mtoto ukurasa wa kwanza, mara kijiji kinachomwa, mara analia, mpaka aje ashike upanga msomaji kashasinzia. Usifanye hivo. Robert E. Howard, yule mwandishi wa Texas, alipomtoa Conan, shujaa wake wa upanga, Desemba 1932 kwenye jarida la Weird Tales alianza naye akiwa tayari mfalme, mtu mzima kabisa, na hadithi yenyewe mwanzo ilikua ya shujaa mwingine, Kull, ikakataliwa, akaikarabati. Ya utotoni kayadondosha kidogo kidogo tu: baba mhunzi, kazaliwa uwanja wa vita, kwao Cimmeria, nchi ya kubuni, milima na mawingu matupu.

So anza na kwao kabla ya yeye. Baridi au jua? Wanaapa kwa mungu gani? Conan anaapa kwa Crom, mungu asiyejali maombi ya mtu, ukishajua hilo unaelewa kwanini jamaa anajitegemea.

Halafu mpe tabia moja tu inayomsema. Mfano yuko kwenye karamu ikulu, viti vipo, yeye kachuchumaa mgongo ukutani, anakata nyama kwa kisu chake mwenyewe, jicho mlangoni. Hapo hujataja kijiji wala baba na mtu kashaelewa. Yatima wa kisasi mi nimemchoka bana, ila kama lazima, aliyechoma kijiji mfiche hadi katikati huko.