Siku zikipita: mambo ya kuzingatia kabla ya kupima mimba

Wanawake wa Unguja na Pemba hesabu ya hedhi tunayo, ila tunaitumia mara moja kwa mwaka. Ramadhani ikiisha, kila mmoja anajua ana deni la siku ngapi za kulipa. Muulize huyo huyo mwezi wa Mfungo Saba aliingia lini mwezini, atakwambia, "Kama wiki baada ya maulidi." Maulidi gani, ya kwa nani? Muuguzi wa kliniki hawezi kuandika maulidi kwenye kadi. Anataka tarehe.

Basi jambo la kwanza, kabla hata ya kununua kipimo, ni kuandika siku ya kwanza ya damu kamili, si ya matone. Tumia mwezi mwandamo au kalenda ya ukutani, upendavyo, lakini usichanganye. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, kwa hivyo ambaye mzunguko wake ni kama huo ataona hedhi karibu na tarehe ile ile kila mwezi. Mwenye siku 26 ataona tarehe zinarudi nyuma, na hana ugonjwa wowote. Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi moja mpaka siku ya kwanza ya nyengine: ukiingia tarehe 3 Juni na tena tarehe 2 Julai, ni siku 29. Kwa mtu mzima, chochote kati ya siku 21 na 35 ni cha kawaida.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Somo wangu alinifunda mengi, lakini hili la hesabu halimo. Yai hupevuka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si siku 14 baada ya iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 hayaoni hayo kuwa tofauti, kwani kwake ni siku ile ile. Mwenye siku 35, yai lake linatoka karibu na siku ya 21. Akikimbilia duka la dawa siku ya 28 kwa kuwa shoga yake ana siku 28, kipimo kitasema hakuna, na pengine mimba ndiyo kwanza inajishikiza. Isitoshe, safari, maradhi, wasiwasi au kupungua mwili sana huweza kulichelewesha yai lenyewe. Ndiyo maana hesabu ya "siku za salama" inawaangusha wengi: mbegu za mwanamme huweza kuishi mwilini hadi siku 5 zikisubiri yai lililochelewa.

Ukishajua siku zako, subiri mpaka zipite kweli. Kipimo cha mkojo kinatafuta homoni ambayo huanza kutoka baada ya mimba kujishikiza, na siku za mwanzo huwa kidogo mno. Tumia mkojo wa asubuhi, tazama tarehe ya mwisho kwenye paketi, na soma jibu ndani ya dakika zilizoandikwa, si baada ya kumaliza kufua. Mstari wa pili ukiwa hafifu, uhesabu kuwa upo. Kama haupo na hedhi haijaja, rudia baada ya wiki.

Damu nayo hudanganya. Baadhi ya wanawake huona matone ya rangi ya waridi au kahawia siku moja mbili, karibu na wakati wa hedhi, na tayari ni wajawazito. Wanayaandika kama hedhi, kisha mimba inaonekana changa kuliko ilivyo.

Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango au kijiti asishituke siku zikipotea, kwani dawa yenyewe hufanya hivyo. Lakini aliyechelewa kurudi kuchoma sindano apime. Anayenyonyesha asingoje hedhi ndiyo aamini anaweza kushika mimba, maana yai hutangulia damu. Maziwa humkinga vizuri ikiwa tu mtoto hajafika miezi 6, hapewi kitu chengine, na hedhi haijarudi. Uji wa kuonjesha nao ni kitu chengine, hata kama bibi yake hakubali.

Wakati unasubiri jibu, jichukulie kama mjamzito: mwambie mtoa dawa au mpiga picha ya eksirei kabla hajakuhudumia. Anayetafuta mtoto aanze vidonge vya foliki asidi mapema, mikrogramu 400 kwa siku, kwani uti wa mgongo wa mtoto huanza kujengeka kabla wengi hawajajua. Jibu likiwa ndiyo, nenda kliniki kabla ya wiki ya 12.

Jambo moja halingoji kipimo wala asubuhi. Siku zimepita, kisha yakaja maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu au maumivu ya bega, pamoja na damu au bila ya damu: huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na ikipasuka huua. Hapo ni hospitali, iwe Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee au iliyo karibu. Na wewe wa Tumbatu au Kojani, ujue tangu sasa chombo cha nani kinavuka usiku, na kama kina mafuta.