Kujitolea Ng'ambo Ukiwa Mtu wa Haya na Akili Inayohitaji Matunzo

Kwa miaka mingi nilikuwa napitishwa steji. Matatu ikikaribia kwetu Kayole, Nairobi, neno "shukisha" linanikwama kooni, basi nangoja abiria mwingine ashuke ndipo nishuke naye, hata kama ni steji mbili mbele, kisha narudi kwa miguu. Nikiwa na miaka 22 haya hiyo ilipata mwenzake. Usingizi ulipotea, chakula kikawa kama mchanga mdomoni, na daktari akaniambia nina sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, pamoja na wasiwasi uliopita kiasi. Miaka mitatu baadaye nilipanda ndege kwenda Ujerumani, nikafanya kazi ya kujitolea katika nyumba ya wazee kwenye mji mdogo karibu na Kassel. Miezi ya mwanzo nilianguka vibaya, lakini mwaka niliumaliza. Naandika kwa ajili ya kijana ambaye ameshajaza maombi na anaogopa kuyatuma.

Anzia kliniki, si Nyayo House

Huku kwetu safari huanza na pasipoti pale Nyayo House, halafu cheti cha tabia njema, halafu viza. Daktari hukumbukwa mwisho, akitakiwa apige muhuri tu. Wewe anza naye. Mimi nilitaka kuondoka Machi, na daktari wangu alikuwa ametoka kuniongezea kipimo cha dawa. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujahisi nafuu, wakati mwingine zaidi, na kila unapobadilisha kipimo mwili huyumba kidogo. Akanikatalia. Alisema niende Septemba, nikiwa nimetulia miezi sita mfululizo. Nilitoka pale nimekasirika hata nikasahau mwavuli. Leo namshukuru, kwa sababu kama ningetua kule na dawa mpya, lugha mpya na kazi mpya kwa pamoja, nisingejua kipi kinaniumiza.

Mwombe akuandikie barua yenye jina la ugonjwa, jina halisi la dawa na kipimo chake. Jina la dawa lenyewe, kama sertraline, na si lile la kampuni lililo kwenye boksi, maana la kampuni hubadilika ukivuka mpaka. Dawa zibaki kwenye boksi zake na zikae kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Kama unatumia dawa zinazodhibitiwa, mfano diazepam, uliza ubalozi karatasi gani inatakiwa, tena mapema. Na usizoee ule mtindo wa hapa wa kununua dawa kwenye duka la dawa kwa kuonyesha boksi tupu. Ujerumani hutapewa dawa hizo bila cheti cha daktari, na kuziacha ghafla kunaleta kizunguzungu na hofu ambayo utadhani ni ugonjwa umerudi.

Wale wanaopelekwa nchi zenye malaria nina neno moja kwao. Ukipewa mefloquine ya kinga, sema wazi kwamba umewahi kuugua sonona au wasiwasi. Dawa hiyo inaweza kuvuruga akili, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote. Ziko nyingine, kama doxycycline. Mtoa dawa asiyejua historia yako hawezi kukukinga nayo.

Chagua kazi kwanza, nchi baadaye

Hili ndilo ningelipigia kelele kama ningekuwa mtu wa kelele. Vijana wananiambia wanataka Kanada, wanataka Ujerumani. Nawauliza: saa tatu asubuhi mikono yako itakuwa inafanya nini? Wananitazama tu. Kwa mtu wa haya, jibu la swali hilo lina uzito kuliko bendera ya nchi.

Nilipokuwa nachagua, niliuliza kila mahali maswali yaleyale. Nitakuwa na watu wangapi kwa wakati mmoja? Ni walewale kila siku, au wageni kila wiki? Mikono itakuwa na kitu cha kushika? Nikapata nyumba ya wazee, orofa moja, wakazi 14, sura zilezile asubuhi na jioni. Kumpaka mzee siagi kwenye mkate, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi dirishani, kukunja taulo. Maneno yalikuja yenyewe kupitia kazi, kwa sababu hakuna aliyenitaka nisimame nihutubie. Rafiki yangu wa darasa la Kijerumani alipelekwa kambi ya watoto, kila Jumatatu kundi jipya, na yeye ndiye wa kuongoza nyimbo na michezo. Alipapenda mno. Mimi ningelia kila Jumatatu. Ugumu wa kazi ulikuwa uleule, tofauti ni mioyo yetu. Bustani, maktaba, jikoni, kutunza wanyama, vyote ni kujitolea. Kusimamisha watu barabarani kuwaomba michango ni kujitolea pia, lakini si kwa ajili yetu.

Programu niliyoingia inaitwa Bundesfreiwilligendienst, ya serikali ya Ujerumani, iliyoanza 2011. Aliye chini ya miaka 27 hupewa siku 25 za semina ndani ya miezi 12. Hakuna aliyenieleza maana yake: ni wiki tano za kukaa kwenye duara na wenzako msiojuana, mkijitambulisha, mara nyingi mkilala chumba kimoja. Ukijua mapema unajiandaa. Mimi niliandika sentensi nne za kujitambulisha, nikazikariri hadi ningeweza kuzisema usingizini, na nikaomba kwa barua pepe nipewe kitanda karibu na mlango. Wakanipa. Kama Ulaya si ndoto yako, Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea tangu 2010, cha wenye miaka 18 hadi 35, na Umoja wa Mataifa nao una mpango wake wenye makao Bonn. Popote uendapo, uliza habari za chumba. Chumba chenye mlango wa kufungwa kwa ufunguo ni sehemu ya matibabu yako.

Halafu pesa, kwa ufupi. Kinachotolewa ni posho, si mshahara. Waambie wa nyumbani kabla ya harambee, si baada. Mjomba aliyechangia elfu tano akidhani utaanza kutuma mwezi wa pili atakuwa mzigo mwingine juu ya kichwa ambacho tayari kinabeba mengi.

Jifunzie hapahapa

Ile miezi sita ya kungoja nilienda kila Jumamosi kwenye nyumba ya wazee wanayotunza masista huku Kasarani. Mara ya kwanza niliosha vikombe tu, sikusema na mtu. Mara ya tatu shosho mmoja akanishika mkono akaniuliza mimi ni wa nani, nikakaa naye saa nzima. Pale nilijifunza kwamba wazee hawaharakishi jibu, na kwamba mimi huchoka baada ya saa nne za kuwa na watu, hata kama nawapenda. Kipimo hicho cha saa nne nilikibeba hadi Ujerumani. Kila zamu nilikuwa najua lini niombe kwenda stoo kupanga nepi, dakika kumi, peke yangu, ili nirudi nikiwa mtu.

Simu nazo nilizifanyia mazoezi. Nilipiga kuuliza bei ya vitu ambavyo sikuvihitaji, sentensi ya kwanza ikiwa imeandikwa mbele yangu. Mahojiano ya video niliyafanya vilevile, na niliwaomba wanitumie maswali siku moja kabla kwa sababu Kijerumani changu kilikuwa kichanga. Ni ombi la kawaida, na hawakukasirika.

Ile fomu ya afya

Fomu iliuliza kama nimewahi kutibiwa ugonjwa wa akili. Nikaandika hapana.

Naelewa kwa nini niliandika hivyo. Nimekulia mahali ambapo mtu akikutukana anakuuliza umetoka lini Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nilidhani nikisema ukweli nafasi itapewa mwingine. Lakini uongo huo ulinigharimu. Nilipangiwa zamu za saa kumi na mbili asubuhi mfululizo tangu Oktoba, zamu zinazovuruga usingizi wa mtu kama mimi, na sikuwa na namna ya kuomba nibadilishiwe bila kufichua niliyoyaficha. Mratibu wetu alipokuja kujua, hakunifokea. Alisema tu, "Ningejua, nisingekupanga hivyo." Nilijisikia vibaya kuliko kama angenifokea.

Kwa hiyo sema. Si lazima useme kwa kila mtu, wala si lazima useme yote. Andika hivi: nimetibiwa sonona, niko imara tangu mwezi fulani, natumia dawa, daktari wangu ameridhia, na ninachohitaji ni usingizi wa kawaida na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Shirika litakalokukataa kwa sentensi hiyo lisingekutunza siku ya kuugua.

Ukimya wa kule si ukimya wa kwetu

Wiki za kwanza nilifarijika. Chumba cha mapumziko wafanyakazi walikunywa kahawa wakiwa kimya, na hakuna aliyeniuliza "mbona umenyamaza?" swali ambalo limenifuata tangu darasa la pili. Unaingia, unasema Guten Morgen kwa wote, unakaa. Salamu hiyo usiikose kamwe, hata kwa daktari kwenye chumba cha kungojea, ukishaitoa umemaliza. Nilijipa kazi ya kupanga vikombe kabla wenzangu hawajafika, ili nisiwe wa kuingia mwisho macho yote yakinigeukia.

Hatari nilichelewa kuiona. Kayole, nikijifungia siku mbili, Mama Brayo wa mlango wa pili atagonga aombe chumvi hata kama anayo. Anakuja kuniangalia. Kule hakuna anayegonga. Wanakuheshimu, wanakuachia nafasi yako, na mtu wa haya anaweza kuzama ndani ya heshima hiyo hadi asionekane. Jumapili maduka yamefungwa, basi ni moja kwa saa, na Desemba jua linazama kama saa kumi na robo jioni baada ya kuchomoza karibu saa mbili asubuhi. Nilikuwa naingia kazini gizani.

Novemba niliacha kuoga. Naliandika hili wazi kwa sababu ndiyo ilikuwa dalili yangu, na kila mtu ana yake. Ya mwingine ni meseji mia moja zisizofunguliwa, ya mwingine ni kula mkate mkavu siku nne. Ijue yako kabla ya kuondoka, umwambie mtu mmoja. Mimi nilimwambia dada yangu. Tulikuwa na mpango: kila Jumapili saa mbili usiku ya Nairobi, ambayo majira ya baridi ni saa kumi na mbili jioni kule, namtumia namba moja hadi kumi. Bila maelezo. Nikituma nne au chini ya hapo, anapiga, nami sina ruhusa ya kukata. Jumapili hiyo nilituma mbili. Alipiga, akanisikiliza nikilia, halafu akanishikilia kwenye simu mpaka nikamwandikia mratibu ujumbe. Mistari miwili tu.

Yaliyofuata ni ya kawaida na ndiyo yaliyoniokoa. Mtu wa kujitolea kwenye programu ile huwa na bima ya afya ya umma inayolipiwa na kituo chake, kwa hiyo nilienda kwa daktari wa mtaa, siyo bingwa, maana foleni ya wanasaikolojia ni ya miezi. Kipimo cha dawa kikaangaliwa upya. Zamu zikahamishiwa mchana. Nikaazimwa taa ya mwanga mkali, ya laksi 10,000 kwa kipimo cha mwanga, nikawa nakaa mbele yake nusu saa kila asubuhi nikinywa chai ya maziwa niliyoipika kwetu-kwetu. Jumapili mratibu aliniandikisha kwaya ya kanisa. Kwaya ni zawadi kwa mtu wa haya: unaimba na watu arobaini bila kulazimika kuongea na hata mmoja.

Weka namba kwenye simu kabla ya kupanda ndege. Ujerumani dharura ni 112. Simu ya ushauri ya bure, mchana na usiku, ni 0800 111 0 111, nao huongea Kijerumani, kwa hiyo kariri sentensi moja ya kuanzia. Hapa nyumbani Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea kwa 1199 bila malipo, na Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Mawazo ya kujiua yakija, usingoje Jumapili wala usihesabu namba. Piga saa hiyohiyo, na umwite mtu aliye karibu aje akae nawe chumbani.

Nauli ya kurudi

Nauli ya kurudi iwe mahali ambapo huwezi kuigusa kwa hasira wala kwa huruma. Yangu ilikaa kwenye sacco ya dada yangu. Sikuitumia kabla ya wakati, lakini usiku mwingi nililala kwa sababu nilijua ipo. Mwenzetu mmoja alirudi Nairobi mwezi wa nne, na mtaani wakasema mengi. Yuko hai, anafanya kazi Industrial Area, na mwaka huu anajaribu tena, safari hii miezi mitatu tu.

Panga miadi na daktari wako wa Nairobi kabla hujaondoka kule, kwa sababu ukishatua ni nyama choma, wageni na "umetuletea nini?" kwa wiki mbili, kisha nyumba inanyamaza ghafla. Miadi yangu ilikuwa Jumanne, siku ya tano. Nilijisikia vizuri kabisa asubuhi ile. Nilienda.