Salamu za sikukuu kwa wanachama wa dini tofauti

Katibu wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) pale Mwanjelwa, Mbeya, au wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) ya wakulima Rungwe, ana orodha moja ya simu yenye Wamoravian, Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste, Wasabato, Mashahidi wa Yehova na Waislamu. Salamu inatoka kwa jina la chama, kwa hiyo chama ndicho kinachosema.

Itaje sikukuu kwa jina lake. "Msimu mwema" haumgusi mtu, na hapa kwetu hakuna Mwislamu anayeshtuka kusikia Krismasi. Kinachokera ni neno "wetu". Ukiandika "Mwokozi wetu amezaliwa" au "Mtume wetu", umewasemea imani watu ambao hawakukutuma. Mahubiri yabaki kanisani na msikitini. Mfano unaofaa:

"Ndugu wanachama, tunawatakia heri ya Krismasi wote mnaoisherehekea, na mapumziko mema kwa kila mmoja. Ofisi itafunguliwa tarehe 29."

Huo haufiki herufi 140. SMS moja hubeba 160, nafasi zikihesabiwa. Ukiongeza kikatuni (emoji) kimoja tu cha mshumaa au mwezi, kikomo kinashuka hadi 70, na ujumbe uleule utalipiwa angalau mara mbili kwa kila namba. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo kompyuta huiweka yenyewe kwenye "ng'ombe", huleta hasara hiyohiyo. Andika iliyonyooka.

Idi ndiyo huwaangusha wengi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo sikukuu hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka, na Idi el Fitri hujulikana usiku uleule mwezi unapoandama. Usipange ujumbe ujitume wenyewe kwa tarehe ya kalenda ya ukutani. Uandike mapema, subiri tangazo la Mufti, kisha utume. Acha neno "leo", maana wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine na wameshaswali jana. Idi el Haji ni rahisi zaidi: huangukia tarehe 10 ya mfunguo tatu (mwezi wa Dhulhija), kwa hiyo una siku kama tisa za kujiandaa.

Si kila siku ni ya "heri". Ijumaa Kuu ni ya kukumbuka mateso, na Ashura kwa Washia ni maombolezo. Tangaza tu kwamba ofisi imefungwa, ikiwa imefungwa. Kwaresima na Ramadhani zinapokutana, kama Februari 2026, "mfungo mwema" unatosha kwa wote wawili.

Usigawe orodha kwa kukisia majina. Mwakyusa ni ukoo, si dini, na Juma au Rehema utawakuta pande zote. Kwenye fomu weka swali la hiari: "Ungependa salamu za sikukuu zipi?" Majibu yafungiwe, kwa kuwa imani ni taarifa nyeti.

Kufungua mkutano, "Bwana asifiwe" humlazimisha asiyehusika kunyamaza huku wenzake wakiitikia. Iringa "Kamwene", salamu ya Kihehe, inamaliza kazi. Mbeya mjini, penye Wasafwa, Wanyakyusa, Wanyiha na wageni wa kila kona, "Habari za asubuhi" ni salama kuliko kuchagua kabila moja.

Mwanachama akijibu kwamba yeye hasherehekei, mwandikie "Asante kwa kutujulisha", uitoe namba yake kwenye salamu hizo tu. Matangazo ya mikopo na mikutano aendelee kuyapata.