Namna ya Kupima Mabaki ya Homoni za Steroidi katika Majitaka

Estradioli na estroni, ambazo ni homoni za kike, hutoka mwilini kwa mkojo, na ethinilestradioli, homoni ya kutengenezwa, hutokana na vidonge vya uzazi wa mpango. Viwango vyake katika majitaka huhesabiwa kwa nanogramu kwa lita. Umoja wa Ulaya, katika orodha yake ya mwaka 2015 ya vichafuzi vya maji vya kufuatiliwa, ulitaka mbinu inayoweza kubaini ethinilestradioli hata ikiwa nanogramu 0.035 tu kwa lita. Kwa kiasi kidogo namna hiyo, kazi huharibika mara nyingi kabla sampuli haijafika kwenye mashine.

Chukua sampuli kwa chupa za kioo cha kahawia zilizosuuzwa kwa methanoli, kwa kuwa homoni hizi hunata kwenye plastiki, kisha ongeza asidi hadi pH ifike karibu 3 na uzifukie chupa katika barafu, maana bakteria wa majitaka wanaweza kugeuza estradioli kuwa estroni ungali njiani. Ukifika maabara, tia kwanza kiasi unachokijua cha estradioli yenye deuteri (hidrojeni nzito), ambayo mashine huitofautisha na ile ya kawaida. Wapo wanaoitia mwishoni kabisa, lakini hapo haiwezi tena kukuonyesha kilichopotea wakati wa kuchuja na kukamua.

Chuja kwa karatasi ya nyuzi za kioo, halafu pitisha nusu lita katika katriji (kikasha chenye chembe zinazonasa homoni) iliyolowanishwa kwa methanoli na kisha maji, kwa mwendo wa mililita 5 hivi kwa dakika, bila kuiacha ikauke katikati. Suuza, kausha, toa homoni kwa methanoli, na uivukize kwa nitrojeni kwenye nyuzi joto 40. Masalia yakibaki na rangi ya chai, yapitishe kwenye silika (unga unaonasa uchafu), kwa sababu uchafu huo huzima ishara ya homoni ndani ya spektrometa, mashine inayopima uzito wa ioni, yaani molekuli zenye chaji.

Katika kromatografia ya kimiminika, yaani kutenganisha vitu kwa kuvipitisha na kimiminika katika safu iliyojazwa chembe, tumia safu ya C18 (chembe zenye minyororo ya kaboni 18), maji na methanoli yenye amonia kidogo, na upime ioni hasi: estradioli hufuatiliwa kutoka ioni yenye uzito wa 271 kwenda vipande vyake vya 145 na 183. Ikubali pale tu ioni hizo mbili za vipande zinapotokea kwa uwiano na muda uleule wa kiwango rejea, yaani estradioli safi iliyopimwa kwa mashine hiyohiyo.

Mwenye mashine ya kromatografia ya gesi atalazimika kwanza kuzifunga homoni kwa kemikali za silili (zenye silikoni) ili ziweze kugeuka mvuke. Asisahau kuongeza piridini, kiyeyusho cha kikaboni, kwani bila hiyo sehemu ya ethinilestradioli inaweza kugeuka na kusomeka kama estroni.