Jinsi ya kusikiliza The Dark Side of the Moon kama rock hujaizoea

Watu wengi hapa Kampala ukiwatajia rock wanawaza kelele tu, halafu ukisema kuna albamu ya dakika 43 ya kusikiliza bila kuruka wimbo wanakuona umechanganyikiwa. Lakini hao hao wanakaa na kadongo kamu (nyimbo ndefu za hadithi za Kiganda) ya Paul Kafeero mpaka hadithi iishe, kwa hiyo uvumilivu mnao jamani, tusidanganyane.

Albamu yenyewe ni ya Pink Floyd, bendi ya rock ya Uingereza, 1973. Kwanza ishushe yote kwenye simu usiku kwa bando la bei nafuu, maana ukisikiliza ya bure mtandaoni tangazo la sabuni linaingia katikati na hapo imekufa, nyimbo zimeungana, moja inaingia ndani ya nyingine. Zima ile ya kuchanganya nyimbo, na ile ya kufifisha wimbo mwishoni pia zima, kazi hiyo walishaimaliza wenyewe pale studio ya Abbey Road, London.

Halafu iyafoni, pande ZOTE mbili ziwe zinalia! Zile zako za kukunja waya ndio isikike achana nazo, azima kwa mtu. Kwenye wimbo wa On the Run sauti zinakimbia toka sikio hili hadi lile, kaspika ka bluetooth hakakupi hiyo. Time nayo inaanza na saa nyingi zikilia kwa pamoja, fundi sauti wao Alan Parsons alizirekodi kwenye duka la saa za zamani, punguza sauti mapema usije ukaruka kitandani.

Maneno usihangaike nayo mwanzoni. Roger Waters, mpiga besi wao, aliandika yote na anazunguka palepale, vitu vinavyomtia mtu wazimu: muda, pesa, vita, kifo (mtu wa boda mwenye deni la pikipiki, wimbo wa Money anauelewa bila kufafanuliwa). Hiyo Money hesabu mapigo kwa vidole, inafika saba ndio inarudi mwanzo, si nne tulizozoea, halafu gitaa la Gilmour likishika solo wanahamia nne na kichwa kinaanza kutikisika chenyewe. Hapo mimi niliwavulia kofia.

The Great Gig in the Sky haina mashairi, Clare Torry anapaza sauti tu, na kwangu ndiyo inasema mengi kuliko zote. Upande wa kwanza wa santuri uliishia hapo, so kama lazima uende kuchemsha chai nenda hapo tu, si kwingine.

Us and Them ikikulaza usingizi sawa, kesho anza tena mwanzo, sio pale uliposinzia.