SOMO: Mita kwanza, skana baadaye. Kuchagua vifaa vya kupimia gari nyumbani, Tanga

Taa ya injini ikiwaka, wengi hukimbilia kununua kile kiadapta kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, skana ya kusomea makosa ya gari kwenye simu. Simu inagoma kuunganika, kiadapta kinatupwa kwenye droo, lawama anabebeshwa muuzaji. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila kimenunuliwa kabla gari lenyewe halijaangaliwa. Basi tuanze na gari.

Hatua ya 1: Jua gari lako linaongea lugha gani

Inama chini ya usukani utafute soketi ya matundu 16. Kuwa nayo tu hakutoshi. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2 (lugha moja ya kompyuta za magari kueleza makosa yao) kuanzia magari ya toleo la 1996, Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Japani ilichelewa mpaka mwishoni mwa miaka ya 2000, na mitumba yetu mingi ilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe. Ndiyo maana Carina au Raum ya 1999 inaweza kuwa na soketi ileile, lakini kompyuta yake ikawa inaongea kilugha cha Toyota ambacho adapta ya kawaida haikijui.

Itazame soketi ule upande mpana ukiwa juu. Safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote. La 4 na la 5 ni hasi. Ukiona vipini vya chuma ndani ya 6 na 14, huo ni mtandao wa CAN (njia ambayo kompyuta za gari huongea), na adapta ya kawaida ina nafasi kubwa ya kukubali. Ukiona 7 peke yake bila hayo mawili, usilipe kabla hujaijaribu kwenye gari lako.

Toyota nyingi za zamani huhitaji kipande cha waya tu. Zima swichi, unganisha 4 na 13, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini itakonyeza: mara mbili, kimya kifupi, mara nne, maana yake 24. Ikikonyeza harakaharaka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. La 13 liko chini ya la 5, si chini ya la 4. Hapo ndipo watu hukosea. Na usiguse 16, utaunguza fyuzi.

Hatua ya 2: Nunua mita

Huyu ndiye mfalme wa sanduku. Chukua mita ya dijitali yenye volti za DC, ohm, mlio wa kupima kama waya umekatika, na tundu la ampea 10 lenye fyuzi yake ndani. Zile za bei ya chini kabisa huandika pembeni ya tundu hilo kwamba halina fyuzi, ziache dukani.

Namba za kukariri: betri iliyopumzika usiku mzima na kujaa isome kama volti 12.6. Ikisoma 12.0 imekwisha chaji. Injini ikinguruma, kati ya 13.8 na 14.5 ni altaneta (inayochaji betri) nzima kwa magari mengi. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 au hapo karibu.

Kipimo kinachosahaulika ni cha waya wa hasi. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna kutu au nati iliyolegea njiani. Kwa magari yanayolala Raskazone au yanayoshinda njia ya Pangani, hewa ya chumvi hula maungio mpaka shaba inageuka kijani, halafu dashibodi inawasha taa tatu kwa mpigo. Mtu akianza na skana ataletewa makosa ya sensa tatu na atanunua sensa tatu.

Taa ya kupimia yenye balbu ni nzuri kwa fyuzi na taa za nje. Usiipeleke kwenye waya za kompyuta wala za mifuko ya hewa.

Hatua ya 3: Sasa skana

Adapta ya simu ya aina ya ELM327 (jina la chipu iliyo ndani yake) kwa kawaida husoma injini, basi. Kwa Android chukua ya Bluetooth. Kwa iPhone, Bluetooth ya zamani haikubali; nunua ya Wi-Fi au ya Bluetooth ya kizazi cha 4 kwenda mbele. Usihadaike na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi: Elm Electronics ya Kanada, waliobuni chipu hiyo, hawakuwahi kutoa toleo la 1.5, na bado madukani limejaa. Kipimo cha kweli ni kuichomeka kwenye gari lako mbele ya muuzaji na kuona mizunguko ya injini na joto la maji vikibadilika kwenye simu.

Skana ya mkononi yenye kioo chake inafaa asiyetaka kuhangaika na simu. Ila isome inachofanya: nyingi nazo ni za injini tu.

Kwa ABS (breki zisizofunga magurudumu), mifuko ya hewa na gia, unahitaji skana ya mifumo yote inayolitaja gari lako kwa jina na mwaka. Mwenye gari moja si lazima aimiliki. Lipia kipimo gerejini, andika majibu, ukamalizie kazi nyumbani kwa mita.

Hatua ya 4: Soma, andika, ndipo ufute

Usifute kosa kabla hujaliandika pamoja na hali iliyohifadhiwa lilipotokea: joto, mwendo, mizunguko. Ukifuta, vyote vinapotea.

Msimbo, yaani namba ya kosa kwenye skana, haukwambii kifaa cha kununua. P0301 maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Hamisha koili yake (inayotoa umeme wa plagi) uipeleke silinda ya pili. Kosa likihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Likibaki, hamisha plagi, kisha angalia injekta na kompresheni (mgandamizo wa silinda).

P0171 ni mafuta machache kulinganisha na hewa. Fungua takwimu za marekebisho ya mafuta (kompyuta inavyoongeza au kupunguza mafuta), ujumlishe ya muda mfupi na ya muda mrefu. Ikizidi asilimia 10 injini ikiwa imeachwa ingurume polepole, halafu ikashuka ukifika mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inaingia kwa wizi: mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, shuku pampu, filta ya mafuta au sensa chafu ya hewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina Hiace ya injini ya dizeli ya 5L, ninunue skana ipi?
Hakuna. Pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika, hakuna kompyuta ya kuhojiwa. Fedha hiyo nunua geji ya kompresheni ya dizeli. Ya petroli itaharibika, maana dizeli hubana hewa kwa mgandamizo mkubwa kuliko inavyoweza kuhimili.

Taa ya ABS inawaka, adapta inasema gari halina kosa. Imenidanganya?
Hasha, hukuihoji ABS. Anza na waya za sensa za magurudumu, hasa kama gari linapita njia za matope za Amani au Lushoto. Tope hung'ang'ania kwenye sensa na kwenye pete yake ya meno.

Shekhe, P0420 inarudi kila nikifuta. Fundi anataka kubadilisha sensa ya oksijeni.
P0420 inasema masega, kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi, hayafanyi kazi. Kwanza chungulia chini kama bado yapo. Magari mengi yameshatolewa masega, na hapo sensa ya nyuma inasema kweli tupu. Sensa mpya itasema hayohayo.

Naweza kuiacha adapta imechomekwa?
Tundu la 16 halizimwi na swichi. Gari likilala siku kadhaa, betri iliyochoka itakuangusha. Ichomoe.

Taa ya mfuko wa hewa inawaka, nipime waya zake kwa mita?
Usipime mfuko wenyewe kwa ohm. Umeme mdogo wa mita unaweza kuulipua. Kabla ya kugusa soketi yoyote ya rangi ya njano chini ya usukani au kiti, zima swichi, toa hasi ya betri, usubiri angalau sekunde 90. Kisha angalia tu kama soketi imekaa vizuri. Zaidi ya hapo, peleka kwa mwenye skana ya mifumo yote.

Adapta ilikuwa inafanya kazi, sasa haiwaki kabisa.
Pima volti kati ya 16 na 4. Ukikuta sifuri, tafuta fyuzi. Kwenye magari mengi soketi hiyo hugawana fyuzi na kitu kingine, kwa hiyo jaribu pia honi, taa ya ndani na soketi ya kuwashia sigara. Ukikuta volti 12 zipo, jaribu adapta kwenye gari la jirani.