Jinsi ya kuwasha taa ya LED kwa betri iliyokufa, ukitumia pete ya ferraiti

Ile betri ya rimoti iliyokufa usiitupe kwanza, mara nyingi bado ina kama volti 1 ndani. Shida ni kwamba LED nyeupe inataka kama volti 3 ndo iwake, na hiyo tofauti inazibwa na pete ya ferraiti (kauri nyeusi yenye chuma ndani, inayopitisha sumaku kirahisi), kidude chenye umbo la ngata, ile ile ya kubebea ndoo kichwani, au donati ukipenda.

Pete nzuri ipo kwenye pawa saplai ya kompyuta iliyoungua, pale umeme unapoingilia, ya kijani au nyeusi, imezungushiwa waya pande mbili. Ya njano yenye upande mweupe iache, ni ya unga wa chuma, haifai sana kwa kazi hii. Na jamani, pawa saplai ichomoe ukae hata siku nzima kabla ya kuifungua, afu kapasita kubwa zipime kwa mita kabla hujashika kitu, zinatunza umeme unaoweza kukurusha vibaya sana.

Toa waya wa zamani, upime pete. Yangu nje ina mm 20, tundu mm 10, kimo mm 7. 20 toa 10 gawa kwa 2 unapata unene wa mm 5, kwahiyo waya ukizunguka mara moja unakula 5 na 7 mara mbili, yaani mm 24, na mara 10 ni sm 24, ongeza za kona na za kuungia, kata sm 40. Mimi nachukua nyuzi mbili za kebo ya intaneti, bluu na kahawia.

Zishike pamoja uzungushe mara 10, zikisambaa pete nzima. Hesabia ndani ya tundu, kila waya unapopita pale ndo mzunguko mmoja.

Faida ya umbo hili ni kwamba sumaku inayozaliwa na waya inazunguka ndani ya pete, haina ncha ya kuvujia kama kwenye koili iliyonyooka. Mwanasayansi Michael Faraday kule London tarehe 29 Agosti 1831 alitumia pete ya chuma ya kama sm 15 yenye koili mbili, na hii yetu ni mdogo wake kabisa!

Sasa kuunga, hapa tulia. Mwanzo wa bluu unga na mwisho wa kahawia, hapo ndo chanya ya betri. Mwisho wa bluu unapita kwenye rezista (kidude cha kupunguza umeme) ya kilo-ohm 1 kwenda besi ya transista ya BC547, swichi ndogo yenye miguu mitatu: kolekta, besi na emita. Mwanzo wa kahawia unaenda kolekta. Mguu mrefu wa LED kwenye kolekta, mfupi kwenye emita, na emita kwenye hasi. Transista inawasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ikizima pete inatema volti kubwa kuliko ya betri, jicho lako linaona taa imewaka tu.

Isipowaka, geuza ncha za bluu, yangu ya kwanza nilihangaika nayo jioni nzima kumbe nimeunga mwanzo kwa mwanzo. Bado? Angalia miguu: BC547 ukiitazama upande bapa, miguu chini, kuanzia kushoto ni kolekta, besi, emita, ila ukitumia transista ya 2N3904, yenyewe inaanza na emita.